Kabla kaunti yako haijatia saini mkataba wa mfumo wa malipo

Tangu kaunti 47 za Kenya zianze kazi mwaka 2013, wauzaji wa mifumo ya kukusanya mapato hawajaacha kubisha hodi. Nimekaa upande wa mapato kwa muda wa kutosha kuyajua maonyesho yao kwa kichwa, na wenzangu wanaoteuliwa kwenye kamati za kutathmini zabuni hunipigia simu kuniuliza wachague kampuni gani. Mimi huwauliza: Paybill, ile nambari ambayo mwananchi hulipia kwa simu, itasajiliwa kwa jina la nani?

Wengine hucheka, wakidhani hilo ni la karani. Lakini nambari ikiwa ya mkandarasi, pesa za mwananchi hulala kwanza kwenye akaunti yake, akate kamisheni, ndipo awaletee kilichobaki. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga. Basi pesa ziingie zote, naye alete ankara alipwe kama mkandarasi mwingine yeyote. Halafu fikiria mkataba ukiisha: nambari hiyo imebandikwa kwenye kila kibanda sokoni, na imechapishwa kwenye kila ilani ya ushuru wa ardhi. Mwenye nambari ndiye atakayewapangia bei ya kuongeza mkataba.

Na kuachana hutokea. Nairobi ilianza na mfumo wa JamboPay mwaka 2014, mwaka 2020 Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ikapewa kazi ya kukusanya, kisha mwaka 2022 ukaja mfumo wa NairobiPay. Kila mfumo unapobadilika, kuna madeni ya ardhi ya miaka mingi, leseni za biashara na nambari za magari za kuhamishwa. Andikeni kwenye mkataba kwamba data ni ya kaunti, na nakala kamili ikabidhiwe kila mwezi, katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Msikubali ahadi ya kukabidhiwa siku ya mwisho. Siku hiyo hakuna anayeshika simu. Tena ndani ya data hiyo mna nambari za vitambulisho na simu za watu, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kaunti haiwezi kumsukumia mkandarasi lawama zote.

Jambo la kuiga liko Tanzania. Tangu GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, uanze mwaka 2017, bili ya taasisi ya serikali hutolewa na namba yake ya kumbukumbu, na mlipaji huitumia benki au kwenye simu. Daini kitu kama hicho. Bila nambari ya bili, mtu atalipia ardhi na kuandika "shamba la baba" kwenye sehemu ya akaunti (nimeyaona), na karani atakesha na taarifa za benki akitafuta huyo baba ni nani.

Maonyesho ya ukumbini, kwenye intaneti ya kasi, hayaniambii kitu. Wapelekeni wauzaji hao soko lenye mtandao mbovu kuliko yote, saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya soko, wakati malori ya viazi yanashusha. Mashine ya karani ya kutoza ushuru inatoa risiti mtandao ukikatika? Chaji inafika jioni? Karatasi za risiti ananunua nani? Hili la karatasi lisipoandikwa, zitakapoisha karani atarudi kwenye kitabu cha mkono, na mnajua pesa za kitabu cha mkono huishia wapi. Karani pia aone malipo kwenye mashine yake mwenyewe, asitosheke na ujumbe kwenye simu ya mfanyabiashara, kwa sababu ujumbe bandia ni rahisi kutunga.

Kuhusu ada, angalieni nani anaibeba. Kwenye leseni ya maelfu ya shilingi haisikiki. Kwa mama mboga anayetozwa shilingi hamsini kila siku, ada ya kutuma pesa inaweza kumfanya ampe karani noti mkononi. Ushuru mdogo heri kaunti ibebe ada yenyewe.

Mwisho, kampuni ikiwapa majina ya kaunti inazohudumia, msimpigie mkurugenzi aliyetia saini. Mtafuteni mhasibu anayelinganisha hesabu za mfumo na za benki, mumuulize mara ya mwisho zilitofautiana lini na kampuni ilichukua siku ngapi kumjibu.