Nakusanya michoro na sanamu za wasanii wa leo, je nivunje?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mpenzi wa sanaa, nina miaka sasa nanunua kazi orijino za wasanii walio hai. Nina michoro ya mandhari, ya rangi tupu isiyo na umbo la kitu, mmoja wa mama kabeba mtoto, sanamu ya shaba ya mtu kasimama, na kichwa cha kuchonga cha mbao. Shemeji yangu kaniambia malaika hawaingii kwangu, swala zangu hazifai, nivunje vyote. Na baadhi nilinunua nikijua bei itapanda baadae. Nifanye nini, na je zina zaka?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Kwanza shusha pumzi, usivunje kitu. Swala zako zimeswihi madamu umetimiza masharti na nguzo zake, picha ukutani haimo kwenye vinavyobatilisha swala, wanachosema wanachuoni ni kwamba inachukiza kuswali ukiwa umeielekea, kwa hiyo chagua sehemu ya kuswalia isiyo na picha mbele yako na hilo limeisha.

Lakini shemeji yako hakutoa maneno hewani, nataka ujue hilo ili usimchukie. Hadithi ya Abu Talha iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha. Wanachuoni wameeleza kuwa hao ni malaika wa rehema na baraka, ama wale wanaoandika amali hawamuachi mtu popote alipo. Na msingi wa jambo hili ni wa zamani kuliko sisi sote, soma Sura Nuh aya ya 23, Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, swahaba Ibn Abbas anasema hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh, walipokufa shetani akawashawishi watu wasimamishe masanamu pale walipokuwa wakikaa na wayaite kwa majina yao, wakafanya, na hawakuabudiwa mwanzoni, ila kile kizazi kilipoondoka na elimu ikapotea ndo yakaabudiwa. Yaani walioanza walikuwa na mapenzi tu na kumbukumbu! Kwa hiyo mtu akiniambia sheikh mimi siabudu sanamu yangu naipenda tu, namuamini kabisa, ila namkumbusha kisa hiki.

Sasa nikupe hadithi ambayo mimi naiona ndo ufunguo wa swali lako. Alikuja mtu kwa Ibn Abbas akamwambia mimi riziki yangu inatokana na kazi ya mikono yangu, natengeneza hizi picha. Ibn Abbas akamwambia sikwambii ila nililolisikia kwa Mtume swalla Allahu alayhi wasallam, kwamba atakayetengeneza picha Allah atamuadhibu mpaka aipulizie roho, na hataweza kamwe. Yule bwana akashtuka akahema kwa nguvu na uso wake ukageuka rangi. Hebu mtazame, ni fundi, ana ujuzi wake na pengine ana watoto wa kulisha, kaambiwa kitu kizito namna ile. Ibn Abbas hakumuacha hapo, akamwambia ikiwa huna budi kufanya, basi shika huu mti, na kila kitu kisichokuwa na roho. Hakumwambia tupa zana zako nenda ukafanye biashara nyingine, alimuachia ufundi wake na akamuonesha uwanja. Na uwanja wenyewe ni mpana mno, ukitazama mapambo ya Msikiti Mkuu wa Damascus uliojengwa na Khalifa al-Walid mwanzoni mwa karne ya 8, utakuta miti mikubwa, mito na majumba kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na dhahabu, mji mzima bila mtu hata mmoja, na hakuna anayetazama akasema pale sanaa imepungua.

Kwa hiyo michoro yako ya mandhari itundike kwa raha zako, na ile ya rangi tupu vilevile, haina tatizo. Na msanii aliye hai ukimnunulia kazi ya halali umemlipa jasho lake, hiyo ni riziki safi kwake na kwako ni matumizi ya halali usipovuka mpaka, Mtume amesema Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Hata sanamu kama sanamu siyo lazima iwe na kiumbe, yule mama wa Lebanon Saloua Raouda Choucair aliyefariki 2017 alichonga kwa miaka mingi vipande vya mbao na mawe vinavyopandana na kuachana kwa hesabu tu, hamna jicho wala mkono. Kuna watu pia wameniuliza kuhusu kazi za El Anatsui wa Ghana, yale mapazia makubwa yanayong'aa, ukisogea karibu unakuta ni maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe vimepondwa vikashonwa kwa waya wa shaba, wanasema sheikh si ni pombe ile? Hapana, bati ni bati, pombe haimo, likishaoshwa ni safi, na mimi naona kuna hikma kitu cha duka la pombe kikaishia kuwa kitu cha kutazamwa. Ukinunua kazi zenye maandishi ya Quran hapo ongeza adabu, Imam Nawawi kachukia Quran kuandikwa kwenye kuta kabisa, wengi leo wanaruhusu ya kwenye fremu ila iwe juu, isiwe njia ya kuelekea chooni na isigeuzwe pambo la kupigia picha za selfi.

Tuje kwenye mama na mtoto. Hapa kuna khilafu, yaani wanachuoni wametofautiana, na sitakuficha. Kuna hadithi ya Bi Aisha, alitundika pazia lenye picha, Mtume akaliondoa, na kile kitambaa wakakifanya mto wa kuegemea. Madhehebu yetu ya Shafi wakachukua kwamba picha ya chenye roho ikitundikwa haifai, ikikanyagwa na kukaliwa haina neno. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imam Malik, wao wanasema isiyo na kivuli, yaani iliyo bapa kama mchoro, ni makruhu haifiki haramu. Na al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar na mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, alionekana nyumbani kwake na pazia lenye picha za mnyama na ndege, yeye alishika ile kauli ya kuutoa kwenye katazo mchoro ulio kwenye nguo. Sasa wapo wanaokusanya wananiambia basi sheikh si tumepata ruhusa, na mimi nawajibu hivi: wewe huwezi kujificha nyuma ya hadithi ya mto, manake mto unakaliwa, ila mchoro orijino unauwekea fremu, unauwekea taa yake ndogo juu, unaupa ukuta mzima na mgeni akiingia unamsimamisha mbele yake, kukitukuza kitu ndo huko. Kwa hiyo ushauri wangu ushushe ule mchoro, na ikiwa unafuata kauli ya Wamaliki sitakuita mwenye dhambi, ila usiwe chumba unachoswalia.

Sanamu ya shaba ya mtu mzima hiyo ndo nzito, kitu kamili chenye kivuli wanachuoni wa madhehebu yote manne wamekizuia, walichokitoa kwenye katazo ni midoli ya watoto kwa sababu ya hadithi ya Bi Aisha na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa, ambaye Mtume hakumkataza. Na ile aya ya Sabaa ya 13, kuwa majini walimfanyia Nabii Sulayman masanamu, wanachuoni wamejibu kuwa ni sheria ya waliotangulia na sheria yetu imekuja na katazo. Kwa hiyo iondoke nyumbani. Itaondokaje? Kuivunja sikushauri kwa haraka kwa sababu ni mali, na nchi nyingi sheria inampa msanii haki juu ya kazi yake hata baada ya kuiuza. Kuiuza kwa mwingine nako kuna mushkeli maana Allah akiharamisha kitu anaharamisha na thamani yake. Njia ninayoipenda ni iqala, umrudie aliyekuuzia, awe msanii mwenyewe au nyumba ya sanaa, umuombe mvunje ile biashara kwa ridhaa yenu wote wawili, yeye achukue kazi yake wewe uchukue pesa yako ileile bila kuongeza wala kupunguza, na kwa Shafi huko ni kubatilisha mkataba, hakuhesabiwi kuwa ni mauzo mapya. Ukitaka basi pesa hiyohiyo muagize akutengenezee kitu kisicho na roho, umpe nafasi ile Ibn Abbas aliyompa yule bwana. Usione haya kumwambia sababu, mwambie kwa upole, wasanii wengi wanaelewa kuliko tunavyowadhania. Akikataa, hapo kuna hadithi ya Jibril alipomwambia Mtume kichwa cha sanamu kikatwe iwe kama mti, ndo njia iliyobaki, uliza kwanza sheria ya huko uliko.

Kichwa cha mbao peke yake, Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, anasema kichwa bila mwili hakiingii kwenye katazo kwani hiyo si sura ya kiumbe hai, wengine wanasema kichwa ndo picha yenyewe. Mimi moyo wangu uko kwa hawa wa pili, ila wewe una nafasi ya kufuata kauli ya kwanza.

Kununua nako kuna mambo yake na watu hawayaulizi. Ukienda mnadani, mnada wenyewe ni halali, Mtume mwenyewe aliuza kwa mnada, lililo haramu ni najash, mtu hataki kununua lakini anapandisha bei ili mwenzie aumie, na wengine wanapanga na marafiki zao ili jina la msanii lionekane ghali, hii ni haramu hata kama kila mtu anafanya. Chapa yenye namba, mathalan pale chini kwa penseli kumeandikwa 7/25, ile ni ahadi kwamba zenye namba zipo 25 tu, msanii akichapa ya 26 kimyakimya amekudanganya na Mtume amesema atakayetughushi si katika sisi. Na wewe pia ukinunua mchoro umenunua ule mchoro, haki ya kuuchapisha ukauza nakala haijawa yako, Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanachuoni wa fiqhi, ilipokaa Kuwait mwaka 1988 ilisema haki za ubunifu zinalindwa kisheria haifai kuzichezea. Mkopo wa riba ili uwahi kazi isichukuliwe na mwingine, usithubutu.

Mwisho zaka. Ulichonunua kwa ajili ya kukitazama na kuishi nacho hakina zaka hata kikapanda bei mara kumi, na hata kama moyoni unasema nikipata mteja mzuri nitauza, nia hiyo ya mbali haikifanyi kuwa bidhaa. Ulichonunua tangu mwanzo ili ukiuze, hata baada ya miaka mitano, hicho ni mali ya biashara, na kwa Shafi kila mwaka wa Kiislamu ukitimia unakitathmini, ukijumlisha na pesa zako ikafika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kuwajibikiwa na zaka, thamani ya gramu 85 za dhahabu, unatoa asilimia 2.5. Wamaliki wanasema mwenye kushikilia mali anasubiri soko anatoa mara moja tu atakapouza, ya mwaka mmoja, na kwa mtu ambaye michoro inakaa bila mnunuzi naona kauli hii ina wepesi. Katika kutathmini usichukue ile bei iliyoandikwa kwenye bima, mara nyingi iko juu kuliko soko, tumia bei ambayo ungeipata kweli ukiuza leo. Kwa hiyo kaa chini ukumbuke kila kazi uliinunua kwa nia gani siku ile ya kuinunua, uandike, maana hilo hakuna anayelijua ila wewe na Mola wako. Na ukikuta zaka imekuwajibikia na mkononi huna pesa taslimu, iandike kama deni, utoe ukiuza.

Wallahu aalam.