Re: Ikoni ya folda inarudi kuwa ya njano

Habari mkuu. Umesema ulibadilisha ikoni ya folda ya picha za harusi, ikakaa vizuri, kesho yake ikarudi ile ya njano. Kwanza angalia faili la .ico (faili la picha ya ikoni) uliliweka wapi. Windows hainakili picha hiyo, inaandika tu mahali ilipo, kwenye faili lililofichwa ndani ya folda, desktop.ini. Mimi ikoni zangu niliziacha Downloads, siku nikafanya usafi, ikoni 11 zikapotea. Iliniuma sana! Lihamishie faili lako Documents kwenye folda yake, usiiguse tena. Kisha bofya kulia folda ya harusi: Properties, Customize, Change Icon, uchague upya. Kama faili lako ni picha ya kawaida ya .png, kubadili jina tu kuwa .ico hakusaidii, ligeuze kwa programu. Hapa natumia Windows 10. Ukikwama, tupia picha ya skrini.