Mchumba wangu Myoruba, kwao wanataka kukagua shuka

SWALI: Asalaam aleykum sheikh. Mi ni binti wa Mombasa, nimechumbiwa na kijana Muislamu wa Kiyoruba, kwao ni kijiji karibu na Iwo, Nigeria. Shangazi zake wanasema usiku wa kwanza itatandikwa shuka nyeupe, asubuhi waikague. Ikiwa na damu wazazi wangu watatumiwa kibiriti kimejaa njiti, isipokuwa nayo watatumiwa kibiriti nusu. Wallahi mi ni bikira, lakini nikiwa mdogo nilianguka na baiskeli nikatokwa damu. Mchumba anasema ni mila tu nivumilie. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam binti yangu. Swali lako limeninyima usingizi, na kilichoniuma zaidi ni hilo neno la mchumba, "ni mila tu".

La baiskeli lisikusumbue. Imam Nawawi, mwanachuoni wetu mkubwa wa Kishafi, kwenye kitabu chake cha fiqhi Minhaj kashalimaliza, ubikira ukiondoka bila kuingiliwa, na mfano alioutoa ni huohuo wa kuanguka, hauna athari, wewe hukmu yako ni bikira. Na wako wanawake wengi tu hawatoki damu usiku huo hata kama hawajawahi kuanguka popote, madaktari wanalijua hilo na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba vipimo vya ubikira havina msingi wa kisayansi.

Sasa hao wanaotetea shuka wana maneno mawili. La kwanza wanasema al-aada muhakkama, mila inahukumu. Sawa, lakini mila inahukumu pale isipogongana na nassi (maandiko ya Qur'ani na hadithi), ni kama kupima mahari na vyombo kwa desturi ya watu, sio kuvunjia watu heshima. Hebu tazama kile kibiriti nusu kinasema nini! Kinasema binti yenu amezini, ila hakuna aliyefungua mdomo. Suratun Nuur aya ya 4 inataka mashahidi wanne, na asiyewaleta bakora 80. Na Wayoruba Waislamu kwa madhehebu ni Wamaliki, na Wamaliki ndio waliokaza kuliko sisi Washafi, kwao hata kumsingizia mtu zinaa kwa kijembe, maana ikishaeleweka, ni kadhfu (kosa la kumsingizia mtu zinaa) sawa na aliyetamka. Basi shangazi mwenye kibiriti mkononi ajue madhehebu yake mwenyewe yanamwitaje.

La pili wanasema shuka inawafanya mabinti wajitunze. Mbona kijana hatandikiwi? Na mjanja akipaka damu ya kuku anapigiwa vigelegele, wewe msafi ulieanguka na baiskeli unarudishiwa njiti nusu, huko ndo kulinda ibale (ndivyo wanavyouita ubikira)?

Wala tusiwacheke, sisi pwani tulikuwa na kisarawanda, kitambaa cha kuonyesha damu ya bibi harusi, somo (kungwi wake) nje ya mlango anakingoja, na bibi zetu wengine walikufa na aibu ambayo hawakuifanya.

Mila zao nyingine sina neno nazo. Viazi vikuu, asali, kokwa za kola, yule mshenga wao alarina, bibi harusi kuimba akilia siku ya kuondoka kwao, vyote vizuri. Kijana kulala kifudifudi mbele ya wakwe kuna maneno, lakini hilo siku nyingine.

Kwa hiyo shuka ni haramu na hulazimiki kuitii hata akiiamrisha mume. Usiende hospitali kutafuta cheti, usipake kitu. Lakini mwanangu mi naogopa zaidi huyo kijana kuliko shangazi. Mtume (s.a.w.) kamhesabu mtu anaetoa nje siri ya mkewe miongoni mwa watu waovu kabisa siku ya Kiyama, na yeye anataka kuitoa ikiwa kitambaa. Mwambie walii wako aongee nae kabla hujakata tiketi, nikah isomwe Mombasa, usiku wenu uwe hukuhuku kwenu, huko kijijini mwende mkiwa mume na mke wa wiki kadhaa. Akikubali, ana moyo, na shangazi ataongea nao yeye kwa lugha yao. Akisema hawezi kuwaudhi shangazi zake, niandikie tena kabla hamjapanga tarehe.