Mwanangu, kuhusu simu ya mdogo wako

Mama'ngu, hamjambo hapo Dar? Sisi huku Moro tupo, baba yako goti linamsumbua tu na hizi mvua. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unasema umemkuta mdogo wako anachati na mtu asiyemjua wa kwenye gemu la Free Fire anayemuahidi daimondi za kununulia vitu vya gemu akimtumia picha, unataka kumnyang'anya simu, af ukaniuliza mbona wewe ulipokuwa na miaka 16 ukanionyesha yule mbaba anayekuomba picha sikukunyang'anya wala sikukuchapa. Nikaona tukipigiana tutakatiana maneno, bora nikuandikie.

Ni kwa sababu nilishamkosea kaka yako. Hii huijui, ulikuwa bweni, nimemuomba ruhusa jana akasema mwambie tu mama.

Mwishoni mwa 2015, yupo kidato cha pili, akaanza kuchati na mtu anayejiita binti wa Arusha, picha nzuri, siku ya tatu wakahamia WhatsApp, huyo binti akatuma picha ya utupu akamwambia na wewe tuma yako. Akatuma. Hapohapo binti akageuka, leta elfu thelathini la sivyo naisambaza kwa marafiki zako wote, na majina akamuorodheshea. Mtoto hela atoe wapi, akachukua za kikoba changu. Akalipa, kesho yake ikawa elfu hamsini. Ndo walivyo hawa watu, ukilipa mara moja wameshajua unalipa.

Mi nilichoona ni hela haipo, nikamchapa kama mwizi. Hakusema kitu. Wiki mbili nzima mwanangu hali wala halali, simu anaenda nayo mpaka chooni, meseji ikiingia anashtuka, mi nawaza labda kaanza bangi. Usiku alipokuja kuniambia alikuwa analia anasema mama nilikuogopa wewe kuliko yeye. Hilo neno sijalisahau mpaka leo. Yule mtu fimbo yake ilikuwa mimi, kila akimtishia anamwambia nitamtumia mama yako.

Na hapo nikakosea tena, kwa hasira nikafuta chati zote nikavunja na laini. Tulipofika dawati la jinsia na watoto pale polisi tukaulizwa namba iko wapi, skrinshoti ziko wapi, meseji ya muamala iko wapi. Hamna hata moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa ndo imetoka mwaka uleule lakini sisi tulienda mikono mitupu.

Kwahiyo wewe uliponiletea simu nikakwambia asante kwa kuniambia, moyoni naungua lakini nilijua nikikuwakia siku nyingine hutokuja. Tukapiga skrinshoti kwanza, namba na tarehe zionekane, ndo tukambloku.

Sasa huyo mdogo wako usimnyang'anye, ukimnyang'anya atachati kwa simu ya rafiki yake na wewe hutajua lolote. Kaa naye muulize taratibu kashatuma picha au bado. Kama katuma msilipe hata mia. Ana miaka 13, kuna huduma ya mtandaoni inaitwa Take It Down, ilianzishwa 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ni kwa picha za walio chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu, inatengenezewa alama yake kama ya kidole, basi mitandao iliyojiunga, Instagram, Facebook na TikTok imo, inaitumia alama hiyo kuikamata na kuiondoa. Na piga 116, simu ya watoto, ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga. Ila tafadhali sana hiyo picha usiiforwadi kwa shangazi zako eti waone, kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa kisheria, na ikishaingia kwenye grupu la ukoo ndo imeenda hiyo.

TikTok yake angalia mwaka wa kuzaliwa alioandika, najua kadanganya, wote wanadanganya. Muwekee wa kweli maana chini ya miaka 16 hawamruhusu kutumiana meseji za inboksi na akaunti yake inaanza ikiwa ya faragha, akijiongezea miaka anajitoa kwenye ulinzi huo mwenyewe. Na usiku simu ichajiwe sebuleni, na ya kwako pia, asione ni adhabu yake peke yake.

Kaka yako anasema Jumamosi atapita hapo amsimulie mwenyewe yaliyomkuta. Waachie chumba waongee, wewe usiingie. Na namba yangu mdogo wako aishike kichwani, siyo kwenye simu tu, anipigie hata saa nane usiku nitapokea.

Mama yako