Sista wa Macho Anajibu: Mimi na mama tunataka leza

SWALI: Sista, pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Nina miaka 24, miwani yangu ni -3.50. Macho yananiwasha sana msimu wa vumbi, nayafikicha mpaka yanakuwa mekundu. Mama ana miaka 61 na ameambiwa ana mtoto wa jicho. Tunaweka akiba twende wote Kampala tupigwe leza, tuachane na miwani. Lakini jirani anatutisha: eti leza inachoma jicho, na ukipepesa tu unapofuka. Ni kweli?

JIBU: Mwanangu, naanza na mama, maana yeye ndiye asiyepaswa kusubiri. Leza ya kuachana na miwani huchonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Mtoto wa jicho yuko nyuma ya mboni, ndani ya lenzi iliyoingia ukungu. Uchonge kioo cha mbele utakavyo, ukungu uko palepale. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia. Baadaye, miezi au hata miaka ikipita, utando ulio nyuma ya lenzi mpya huweza kuingia ukungu, na huo ndio husafishwa kwa leza nyingine, dakika chache tu. Mgonjwa anarudi nyumbani na kusema leza imemtoa mtoto wa jicho, na habari inaenea hivyo.

Jambo hili linaniuma. Shangazi yangu wa Bombo, msusi wa vitunga vya rangi, alikaa miaka mitatu akidunduliza pesa za leza asiyoihitaji. Mtoto wa jicho akazidi kukomaa, na akikomaa sana upasuaji huwa mgumu zaidi. Siku ya pili baada ya kupasuliwa alishika kitunga chake cha mwisho, akakigeuzageuza, akanyamaza. Alikuwa amechanganya nyuzi za buluu na nyeusi safu nzima, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amemwambia. Kwa hiyo usimngojeshe mama hadi nauli ya Kampala ipatikane. Tororo ni karibu, na pana hospitali ya macho ya Wabenediktini.

Sasa wewe. Jirani amekosea kuhusu kupepesa. Jicho hutiwa matone ya ganzi, kope zikashikiliwa na kiwaya kidogo, na mashine hufuata mwendo wa jicho. Likihama mno, inasimama. Mwanga wenyewe hupiga kwa sekunde chache tu, kwa kawaida chini ya dakika moja kwa kila jicho. Watu husikia harufu kama ya nywele zilizoungua wakaogopa, lakini mwanga ule hauunguzi. Unavunja chembechembe za konea na kuzipeperusha.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kufikicha. Konea ina unene wa kama nusu milimita tu, na kwa baadhi ya watu wanaofikicha macho miaka mingi hudhoofika na kuchongoka mbele. Konea ya namna hiyo ikichongwa kwa leza inazidi kuharibika. Lazima ipimwe umbo na unene kwanza. Anayekuahidi leza bila kipimo hicho, mkimbie. Ukishafanyiwa, macho huweza kukauka kwa miezi kadhaa, na taa za usiku zikawa na duara la mwanga.

Na kuna hili la kazi yako. Kwa namba yako, ukivua miwani unaona vizuri sana kitu kilicho karibu, kama sentimita 28 kutoka usoni. Hapo ndipo unapotungia uzi. Leza hukupa macho ya mbali, lakini haizuii ule uzee wa macho unaoanza miaka ya arobaini. Ukifika huko utahitaji miwani ya karibu ili uone tundu la sindano, ilhali asiyefanyiwa mwenye namba kama yako huvua tu miwani yake akaendelea kushona. Mimi sikukatazi, nataka uamue ukilijua hilo.

Siku ya kumpeleka mama, omba nawe upimwe, na upewe dawa ya huo muwasho. Kuanzia leo, yakiwasha, weka kitambaa kilicholowa maji safi ya baridi juu ya kope. Usifikiche.