Mtaro wa uchochoro na bomba kuu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ubunifu wa kutatua shida za jamii uanzie wapi, kwa serikali ya mtaa au kwa wananchi?" Mimi naona unaweza kuanzia popote. Kinachonisumbua ni kazi inavyogawanywa baada ya hapo, na kila mjadala huu unapozuka mawazo yangu hukimbilia kwenye majitaka.

Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan, mtaalamu wa maendeleo ya jamii, alianza kazi Orangi, makazi yaliyojengwa bila mpango pembezoni mwa jiji la Karachi, Pakistan. Uchafu ulikuwa ukitiririka vichochoroni. Wakazi walitaka mitaro, ila waliamini serikali itakuja kuwajengea bure. Khan alihesabu imani hiyo kuwa kikwazo kama vilivyo vikwazo vya fedha na ufundi, tena kigumu, maana kimekaa kichwani. Hakuwapa pesa. Aliupanga mradi kwa uchochoro mmoja mmoja, nyumba 20 hadi 40, watu wanaojuana vya kutosha kumchagua mwenzao wa kukusanya michango na kusimamia kazi. Upande wake ulileta vipimo, michoro, vifaa na mafundi wa kuelekeza. Mkandarasi akaondolewa pamoja na cha juu chake, gharama ikaporomoka.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, wakapiga makofi. Lakini uchafu wa nyumba 30 ukishatoka uchochoroni unakwenda wapi? Unamwagika kwenye korongo lililo karibu, na walio chini ndio wanaopata shida. Mchango wa jirani na jirani haujengi bomba kuu wala mtambo wa kusafisha majitaka. Ndiyo maana mradi ule ukashikilia mgawanyo ambao kwangu ndio ubunifu wenyewe: choo cha nyumbani, mtaro wa uchochoro na ule unaokusanya maji ya mtaa ni juu ya wakazi, bomba kuu na mtambo ni juu ya serikali. Watu wa mradi wakaichora mitaro yote kwenye ramani, ili ofisi za jiji zisianze kuchimba upya pale ambapo watu walikwisha kuchimba. Perveen Rahman, aliyeongoza kazi ya ramani kwa miaka mingi, aliuawa kwa risasi Machi 2013. Ukichora nani anaishi wapi, unakanyaga vidole vya wanaoinyemelea ardhi hiyo.

Kuna kosa lingine, la ofisi kuwazuia wananchi wenye nia. Bologna, Italia, husimuliwa habari ya wanawake waliotaka kuweka mabenchi katika bustani ya mtaa wao kwa gharama yao. Walizungushwa idara hadi idara, kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa raia kuitengeneza mali ya umma. Mwaka 2014 jiji likapitisha kanuni inayoruhusu wakazi kusaini mkataba na manispaa wa kutunza bustani, ukuta au jengo lililoachwa, huku kila upande ukiandika utafanya nini. Si jambo la kupigiwa ngoma, ni karatasi tu, lakini miji mingine mingi ya Italia ikaifuata. Ningependa madiwani wajivunie karatasi za namna hiyo kuliko kukata utepe.

Nina shaka moja, nayo ni kubwa. Ziko halmashauri zinazolipenda neno "ushirikishwaji" hasa msimu ambao bajeti imekauka. Wananchi wajitolee, wafagie, wachimbe, nayo ofisi ibaki na kazi ya kuwashukuru. Huko si kugawana kazi. Mgawanyo ninaousema una pande mbili, na upande wa serikali ndio wenye fedha nyingi zaidi.

Porto Alegre, Brazili, jiji lilianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya fedha za maendeleo iende kwenye mitaro, lami au shule. Vyama vya mitaa vilikuwa vimelidai jambo hilo kabla, chama kilichoingia madarakani kikalikubali, na miji mingi duniani ikaja kujifunza. Mwaka 2017 uongozi mpya wa jiji ukausimamisha mchakato huo. Wakazi walijua bado namna ya kukaa kikao na kupanga vipaumbele. Upande uliotakiwa kuleta fedha mezani ndio uliokuwa umeondoka.