Mama Chui, weka hiyo sindano chini kwanza

Wee Mama Chui wa Nakuru, hapana. HAPANA. Umeandika paka wako Chui, yule mwenye ugonjwa wa sukari, amepimwa sukari ya damu 18 (mmol/L, kama namba zote hapa) leo asubuhi, ako siku ya nne na yuniti mbili za glargine, ile insulini inayofanya kazi polepole, na jioni unataka kumdunga tatu "ndio ishuke haraka". Hayo mengine ya chakula gani umpe na vile utabeba insulini ukienda ushago Kakamega Disemba tutafika, lakini hiyo yuniti ya tatu usiidunge. Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Kisumu na karibu nizike paka.

Wangu anaitwa Jaduong', dume la miaka 11, mnene, mvivu, mzee wa heshima zake. Alianza kunywa maji kama ng'ombe, mkojo unajaza karai lake la mchanga mara mbili kwa siku, huku anakula na bado anakonda mpaka ukimpapasa unahesabu mifupa ya mgongo. Daktari akapima, sukari. Akatuanzisha yuniti moja saa moja asubuhi na moja saa moja jioni, na akasema usiguse dozi kwa wiki nzima, ukiwa na swali nipigie. Likaingia sikio hili likatokea lile.

Juu kuna kijana wa agroveti moja huku town, simtaji, anauza dawa ya kupe na chanjo ya kuku na siku hiyo akaamua yeye pia ni profesa wa sukari. Nilikuwa nimeenda kununua chakula ya paka tu, nikalalamika kidogo eti bado tunasoma 21 kila asubuhi. Akanijibu bila hata kuinua macho kwa simu yake, "ongeza moja moja mpaka ishuke, hata watu hufanya hivyo." Watu gani sasa? Mpaka leo nikifika karibu na hilo duka navuka barabara, si kwa ubaya, ni vile nikimuona nitamuuliza swali moja na sitaki kulala seli.

Basi siku ya tatu nikasoma 19, nikadunga mbili. Siku ya tano 22, nikadunga tatu. Siku ya saba 24. Angalia hapo vizuri, dozi inapanda na sukari ya asubuhi pia inapanda, mtu mwenye akili angesimama ajiulize kuna nini, mimi nikaamua insulini niliuziwa ni feki, nikadunga nne jioni hiyo, na Jaduong' alikuwa amekula nusu tu ya chakula yake nikasema atamaliza baadaye.

Saa saba usiku nikasikia kitu kinagonga ndoo bafuni. Nikadhani ni panya. Kumbe ni yeye, anatembea kama mtu ametoka kunywa busaa, miguu ya nyuma inaenda kivyake, mboni zimepanuka jicho lote jeusi, halafu akaanguka kwa simiti akaanza kutetemeka na mate yanatoka. Nikapima na mikono inatetemeka kumshinda yeye. 1.6. Nikachukua asali nikampaka kwa ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, nikapaka tena (usimmwagie mdomoni akiwa hivyo, atapaliwa), huku nampigia daktari simu nikilia kama mtoto. Ndio, mimi ndiye yule mtu alipanda boda saa nane usiku na paka ndani ya kikapu ya omena, mwenye boda akaniuliza hiyo ni mzigo gani, cheka tu, nimezoea.

Akawekwa dripu. Na asali haikutosha kwa sababu glargine haiishi mwilini haraka, kila akipanda kidogo anashuka tena, ilibidi wapime usiku wote mpaka kesho yake jioni. Bili sitaandika hapa mke wangu anasoma. Aliporudi nyumbani alikuwa haoni vizuri, siku mbili anagonga miguu ya meza, akifika kwa bakuli anaweka mguu ndani ya maji. Macho yalirudi, shukrani kwa Mungu.

Sasa sikia vile daktari alinieleza baada ya kunigombeza. Hiyo namba ya asubuhi kabla ya sindano ndiyo namba ya juu, ya jana imeisha nguvu na ya leo bado. Dozi haipangwi na hiyo. Inapangwa na namba ya CHINI, ile ya katikati, masaa kama manne mpaka sita baada ya sindano, na hiyo mimi sikuwahi kupima hata mara moja kwa sababu stripu za kupimia ni bei na nilikuwa nabania. Kumbe inawezekana mchana anashuka chini kabisa, ini linashtuka linamwaga sukari, asubuhi unakuta 24 unasema haitoshi ongeza. Halafu glargine inajijenga siku kwa siku, dozi ya leo imekalia ya jana, ukiongeza kila siku mbili hata hujui ni gani inafanya kazi.

Tulianza upya na moja. Nikapima kila saa mbili siku nzima, Jumapili, pembeni ya sikio pale kamshipa kanapita, unapasha kwanza na soksi yenye mchele wa moto, hata hakujisumbua kuamka. Asubuhi 17, saa saba mchana 6.8. Unaona? Hiyo 17 ingenifanya niongeze. Daktari wetu anataka ile ya chini isishuke chini ya 4.5, na akiongeza anaongeza nusu, NUSU, baada ya wiki. Wiki ya nne ndio tulifika moja na nusu na hapo ndipo tuko mpaka leo.

Na uangalie siringi yako, kama iko na kifuniko nyekundu uniambie haraka, hiyo kwa kawaida ni ya insulini ya U-40 (yuniti 40 kwa mililita) na glargine ya kawaida ni U-100 (yuniti 100 kwa mililita), ukivuta "mbili" kwa hiyo umevuta tano.

Umesema ulimdunga saa moja asubuhi, na saa hii ni saa saba kasorobo. Mpime sasa hivi, usingoje jioni, uandike hapa hiyo namba. Asali iko kwa nyumba ama utume mtoto dukani?